Tonge la Kaisa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya foleni ya malori ya Malaba wakati Vivianne alipompeleka mzungu wake kukula samaki.

Mzungu wake, ndiyo. Kaisa, mtafiti wa mbu kutoka Finland, mgeni kabisa katika kaunti ya Busia. Na Vivianne, na digrii yake ya Biashara, kazi yake ilikuwa kumwonyesha mwanamke mzima pa kununua sukuma, fundi wa bomba, mama wa kufua. Cheka ukitaka. Alitarmac miaka mingi akitafuta kazi mpaka akaipata hiyo, na hakuwa na nyingine.

"Nataka chakula ya watu," Kaisa alisema. "Si ya hoteli."

Basi kwa Benedetta. Kibanda cha mabati, moshi, samaki ngege akilia kwa mafuta, ugali wa mtama. Kwenye kona, kando ya jiko, alikaa Roselida, mamake Benedetta. Macho yake yalielekea sahani ya Kaisa.

Hayakupepesa.

"Dada, nawe nikupakulie?" Benedetta aliuliza.

"Nimeshiba."

Uongo. Tangu asubuhi tumbo lilijua chai ya rangi tu. Lakini Kaisa hakusema karibu. Kwao kila mtu hukula chake. Na Vivianne kuomba? Afadhali kaburi.

Benedetta akamwinamia sikioni. "Basi geuka, my dear. Kama hukuli, usimwangalie mtu akikula."

"Ushamba huo."

Akakaa palepale. Akatazama. Kila tonge. Kila mwiba ukinyonywa.

Kaisa hakumaliza sahani. Alijishika tumbo, akajikunja. Ilipofika jioni iliyofuata, tumbo lilikuwa gumu kama jiwe na midomo imegeuka kijivu. Kliniki ya serikali walipima damu, wakapima choo, wakapiga picha. Hakuna kitu. Wakamrudisha nyumbani na panadol. Serikali yetu hiyo.

Mzungu akifa, nani atamwajiri tena Vivianne? Na huyu binti wa watu, mamake ataambiwa nini? Alikimbia mpaka kibandani.

"Ni mama yako!" akafoka. "Alimkodolea macho! Mchawi!"

Benedetta hakubishana. Alifunika sufuria, akapitia kwa Amongin, mama wa Kiteso anayetoa chakula kilichokwama tumboni kwa jicho la mtu. Wakaenda wote watatu kwa Kaisa.

Amongin alimchanja Kaisa chale ndogo juu ya kitovu. Akaweka pembe ya ng'ombe. Akanyonya.

Tsss... tsss...

Harufu ilitangulia. Samaki. Moto, kama ametoka kwa mafuta saa hiyo.

Halafu kitu kikaanguka kwenye beseni. Nyama nyeupe, ngozi bado juu. Haijatafunwa.

Kaisa akavuta pumzi ndefu. Midomo ikarudia rangi yake.

Vivianne aliangalia mikono ya Amongin. Kanga, bega wazi, hakuna mkono wa nguo wa kuficha kitu. Lazima kuna trick. Lazima.

"Mwenye jicho alikuwa karibu," Amongin alinong'ona. "Karibu sana. Na alikuwa na njaa."

"Si nilisema? Roselida!"

Benedetta alimtazama kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo ilimtisha.

"Dada, mama yangu ni kipofu. Hata moto wa jiko haoni."

Vivianne akatazama beseni tena.

"Wenye jicho huwa hawajui," Amongin alisema, akifuta pembe. "Mpaka waambiwe."

Yeye na Benedetta wakaondoka.

"Vivianne..." Kaisa alikuwa ameketi kitandani, mnyonge, anatabasamu. "I'm so hungry." Akachukua ndizi mbivu mezani. Vivianne akasimama aende, lakini mkono wa mgonjwa ukamshika. "Usiniache peke yangu. Please."

Angesema nini? Kwamba mimi ndiye mwenye jicho?

Akakaa. Akafumba macho mpaka yakauma.

Ganda likachanika. Harufu tamu ikamfikia, na mate yakamjaa mdomoni. Akamsikia Kaisa akitafuna. Polepole. Akameza.

Akatafuna tena.

Akaacha.

"Vivianne..." sauti ilikuwa ndogo. "Tumbo."

Vivianne alikuwa amefumba macho. Mpaka leo anaapa, alikuwa amefumba.