Mvua ya Siku Nne

Kila siku saa tatu asubuhi, Jepchumba alizunguka nyuma ya jiko la shule na kuinama mbele ya chupa. Ilikuwa chupa kubwa ya soda iliyokatwa shingo, shingo yenyewe ikageuzwa kuwa faneli, na rula ikabandikwa ubavuni. Mwalimu Priscah, aliyewafundisha sayansi katika Gredi ya Sita, aliiita kipimamvua. Jepchumba alitazama maji yamefika wapi, akaandika milimita kwenye daftari la bluu, akayamwaga na kurudi darasani akijiona mtu. Na kwa nini asijione? Katika shule nzima hapo Moiben ni yeye tu aliyekabidhiwa daftari hilo, kwa kuwa kwao kulikuwa karibu na hata wakati wa likizo angeweza kufika.

Mwezi wa Novemba habari njema ikaja. Mwalimu Priscah alialikwa kwenye kongamano la walimu mjini Eldoret, awaeleze wenzake jinsi wanafunzi wake wanavyojifunza hisabati kwa kupima mvua. Wazo lake likikubaliwa, shule thelathini zingepewa vipimamvua vya kisasa, na shule yao ikiwa mojawapo. Aliruhusiwa kwenda na wanafunzi wawili. Akamchagua Felix, aliyechora grafu, na Jepchumba, mwenye daftari.

Felix aliruka kwa furaha. Jepchumba alitabasamu, kisha akaacha, maana alikumbuka mwezi wa Agosti.

Wakati ule shule zilikuwa zimefungwa. Alikwenda Kaptagat kwa shangazi yake, awaone wanariadha wakifanya mazoezi msituni. Alinuia kulala usiku mmoja tu, akanogewa, akalala siku nne. Hakumwachia mtu chupa. Huko Kaptagat mvua ilinyesha kila alasiri mpaka njia zikawa tope tupu. Aliporudi Moiben alikuta mbuzi wa jirani wameiangusha chupa, imelala kwenye nyasi. Akajiambia kwamba mvua ya Kaptagat na ya Moiben ni ile ile, kwani ni mbali? Akabuni nambari nne kubwa kubwa, akaziandika, akafunga daftari.

Siku ya kongamano walifika mapema. Jepchumba aliingia ukumbini na miguu ikagoma kuendelea. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa lao, zulia lilimeza sauti ya viatu, na mbele kulikuwa na skrini pana kama ukuta wa nyumba. Walimu walikuwa mia tatu na zaidi. Hakuwahi kuona walimu wengi hivyo mahali pamoja, na tena wameketi kama wanafunzi! Walibeba madaftari. Walinyanyua mikono kuomba ruhusa. Wawili wa nyuma walikuwa wakinong'onezana mpaka mwenyekiti wa kikao, Mwalimu Mahamud, akawatazama juu ya miwani, nao wakanyamaza.

"Felix," alinong'ona Jepchumba, "kumbe na wao hufundishwa!"

"Na wanapiga kelele kama sisi," Felix akajibu.

Zamu yao ilipofika, Mwalimu Priscah alipanda jukwaani. Aliwasalimu wenzake kwa sauti ndogo, na Jepchumba akashangaa, kwa maana darasani hakuwahi kumwona akiogopa kitu. Lakini alipoanza kueleza habari za chupa na rula, sauti yake ilipata nguvu. Grafu ya Felix ikajaa kwenye skrini, nguzo za bluu zikipanda na kushuka.

"Tazameni hapa," alisema mwalimu. "Siku nne za Agosti. Mvua kubwa kuliko ya wiki nyingine yoyote. Wanafunzi walipiga hesabu ya wastani kutokana na nambari hizi."

Walimu mia tatu wakainamisha vichwa na kuandika. Jepchumba alisikia kalamu zikikwaruza karatasi ukumbi mzima. Walikuwa wakiandika nambari zake, zile alizozitunga akiwa na matope ya Kaptagat kwenye gambuti.

Mzee mmoja katikati akanyanyua mkono. "Mimi ni Kipyego, mwalimu mstaafu. Shamba langu liko Moiben. Mwalimu, hiyo wiki naikumbuka. Hakukuwa na mvua. Kabeji zangu zilinyauka, nikabeba maji kwa jerikeni."

Mwalimu Priscah alitabasamu kwa heshima.

"Mzee, nashukuru kwa swali. Lakini daftari hili limeandikwa na mwanafunzi wangu, na mimi namwamini. Akiandika imenyesha, basi imenyesha."

"Mzee, labda ulikuwa umelala!" mtu akatania, na watu wakacheka. Mzee Kipyego akacheka nao kidogo, kisha akaketi polepole, akisugua paji la uso.

Jepchumba hakuweza kuvumilia. Mzee wa watu alikuwa amesema kweli, na sasa alikuwa akianza kujitilia shaka. Aliinuka, akatembea hadi jukwaani. Mwalimu akadhani anataka kusalimia, akampa maikrofoni.

"Mzee hajakosea," Jepchumba alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka kila pembe. "Mimi sikupima. Nilikuwa Kaptagat. Hizo nambari nilitunga. Naomba mnisamehe."

Jepchumba hakuthubutu kumtazama mwalimu wake. Alingoja kukaripiwa mbele ya watu wote hao, na vipimamvua thelathini alishaviona vikipotea.

Mwalimu Priscah hakumkaripia. Alikwenda kwenye kompyuta na kubonyeza. Nguzo ya kwanza ikatoweka. Ya pili, ya tatu, ya nne. Pakabaki pengo jeupe katikati ya grafu.

"Tafadhali zifuteni kwenye madaftari yenu," aliwaambia walimu. "Mzee Kipyego, nisamehe. Na kosa lingine ni langu. Nilimwachia mtoto mmoja kazi ya kila siku, sikumpa mwenzake, wala sikukagua. Kuanzia kesho watapima wawili, na wote watatia sahihi."

Mwalimu Mahamud akavua miwani. "Hilo la wawili niliandike," alisema. "Shule zote thelathini zitafuata utaratibu huo." Hapo ndipo Jepchumba alipoelewa kwamba vipimamvua havikupotea, na machozi yakamtoka. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Wakati wa chai, Mzee Kipyego alimwita. "Kuja hapa, msichana wangu. Mimi hupanda kwa kuangalia nambari kama zako. Nikidanganywa kuhusu mvua, mbegu yangu inaharibika na watoto wangu wanakosa chakula. Ukikosa kupima, andika hukupima. Hakuna atakayekucheka. Lakini ukitunga, unamfanya mtu mzima kama mimi asiamini macho yake. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Na umeniokoa. Walikuwa wameanza kuniita mlalaji." Akampa mandazi mawili.

Njiani kurudi nyumbani, daftari la bluu lilikaa mkobani mwa Mwalimu Priscah. Jepchumba hakulala vizuri, akidhani kwamba daftari atapewa mtu mwingine. Asubuhi mwalimu aliingia darasani, akaliweka daftari juu ya dawati la Jepchumba.

"Nenda na Felix," alisema. "Ni saa tatu kasorobo, msichelewe."

Chupa ilikuwa kavu kabisa. Jepchumba aliitazama mara mbili, Felix naye akaitazama. Akaandika sufuri, kubwa na wazi, wakatia sahihi zao mbili kando yake. Kisha akafungua ukurasa wa Agosti, akazikata kwa mstari zile nambari nne, na kuandika: Hatukupima.