Spana Iliyokosekana Ubaoni

Kila jioni baada ya masomo, Chiriku alimpitia mama yake kwenye banda la kiwanja cha ndege, wakarudi nyumbani pamoja. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama alikuwa fundi wa ndege ndogo ya abiria, kongwe kuliko yeye mwenyewe, na kwa ukongwe huo ilikaguliwa mara kwa mara.

Siku hiyo ukaguzi ulikwisha mapema. Abiria walikuwa wakisubiri kwenye benchi, mmoja wao bibi yake Chiriku, aliyekuwa apasuliwe jicho kesho yake katika hospitali kubwa. Kabla ya kutia sahihi, mama alihesabu vifaa ubaoni, ambako kila kifaa kilikuwa kimechorewa umbo lake. Umbo moja lilikuwa tupu.

"Spana ndogo iko wapi?" aliuliza.

Chiriku alijua ilipo. Mchana, alipomletea mama chakula, aliichukua bila ruhusa akakaze tandiko la baiskeli yake, kisha akaisahau kwenye dawati shuleni. Sasa alifungua kinywa aseme. Sauti haikutoka.

"Huenda imeangukia ndani," alisema mkaguzi aliyekuwa akisimamia kazi hiyo. "Ikinasa kwenye nyaya za usukani, rubani atashindwa kugeuza. Fungueni sakafu."

Viti vikatolewa. Mama akalala kifudifudi na tochi, jasho likimtiririka. Rubani alilitazama jua, maana kiwanja hakikuwa na taa. Chiriku alikaa akiangalia tu, maji yamemfika shingoni. Kila alivyozidi kunyamaza, ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

"Mama," alisema hatimaye huku akilia, "iko shuleni. Niliichukua mimi."

Mlinzi wa shule aliwafungulia darasa, spana ikapatikana. Lakini sakafu ilikuwa bado wazi, na kila skrubu ilipaswa kurudishwa na kukaguliwa upya. Giza likaingia, safari ikaahirishwa hadi asubuhi. Hospitali ikasema kwa simu kwamba bibi amekosa zamu yake, asubiri mwezi ujao.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe, mjukuu wangu. Ila uso wako nitaendelea kuukisia tu."

Mama alifuta mikono yake taratibu. "Kuchukua bila kuomba ni kosa, lakini lingekwisha palepale nilipouliza. Ukimya wako ndio uliomponza bibi yako. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, hata kama unatetemeka."

"Ndiyo, Mama," alijibu Chiriku. Akamshika bibi mkono, akamwongoza polepole kurudi nyumbani.