Shadya Hanywi Maji

Miezi miwili kabla ya skuli kufunguliwa, karakana ya ushonaji ya Bi Bashira, pale Mlandege, haina utulivu. Cherehani kumi na mbili zinapiga kelele pamoja. Bi Bashira, msimamizi, hakai. Anazunguka, anachungulia, anavuta pindo la sare, anarudi tena. Hata kama huna kosa, akisimama nyuma yako mshono unakwenda kombo.

Siku moja Shadya, fundi wa kola, aliinuka mara ya pili kabla ya adhuhuri.

"Wapi tena?" Bi Bashira aliuliza kwa sauti.

"Nnakwenda chooni, Bi Bashira."

"Si umetoka sasa hivi! Kibofu chako kina tundu?"

Wenzake wakacheka. Wengine walicheka kwa woga, lakini kicheko ni kicheko. Shadya akakaa, uso unamwaka kwa aibu.

Tangu siku hiyo hakunywa tena maji kazini. Asubuhi anakunywa chai kidogo, basi mpaka jioni. Akibanwa, anavumilia.

Na alikuwa na mimba ya miezi mitano! Kazini hakuna aliyejua. Mimba ya kwanza aliitangaza mapema, ikatoka. Mama mkwe wake akasema ni kijicho cha watu, na safari hii akamwonya aifiche. Buibui lake ni pana, ikafichika. Siwacheki. Wengi wetu hufanya hivyohivyo.

Wiki ya tatu mkojo ukaanza kumuunguza. Kiuno kikauma. Usingizi ukamkimbia, kila akifumba macho anasikia sauti ya Bi Bashira. Asubuhi moja akaamka anatetemeka kwa homa. Mumewe, Ridhwan, akatoka mbio kumwita jirani yao, Bi Radhiya, muuguzi wa kituo cha afya.

"Shikamoo, Bi Radhiya," Shadya alimwamkia kutoka kitandani.

"Marahaba, mwanangu. Siku ngapi huwezi, unaumwa hivi?"

"Leo ya nne."

"Maji unakunywa?"

Shadya akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nnakuuliza, Shadya."

"Sinywi. Nikinywa ntataka kutoka. Nikitoka natukanwa mbele za watu."

Bi Radhiya alikasirika, lakini hakupoteza wakati. Alimpeleka kituoni pamoja na Ridhwan. Mkojo ukapimwa, yakaonekana maambukizi katika njia ya mkojo. Daktari akampa dawa zinazomfaa mja mzito.

"Uzimalize zote, hata ukipata nafuu," alisema Bi Radhiya.

"Na mtoto?"

"Moyo wake unapiga vizuri. Lakini ungechelewa, uchungu ungeweza kuja kabla ya wakati wake."

Shadya akalia. Ridhwan akasimama. "Leo nnakwenda Mlandege! Yule mwanamke atanijua!"

"Ukagombane, kisha?" Bi Radhiya alimzuia. "Mkeo atarudi kwa hofu mara mbili. Sikilizeni. Mtu akiishi na hofu kutwa, mwili nao unaugua. Kichwa kinauma, presha inapanda, usingizi hauji. Maneno ya mkubwa wa kazi yanaingia mwilini. Bi Bashira lazima aambiwe, na aambiwe kwa utulivu."

Shadya alipopona, walikwenda karakanani yeye na Bi Radhiya. Shadya alimweleza Bi Bashira yote.

"Mimi nawahimiza tu," alisema Bi Bashira. "Na mimi nilifundishwa kazi hivyohivyo. Na kama una mimba, mbona hukunambia?"

"Nilikuwa naogopa kijicho. Kisha nikakuogopa wewe zaidi."

Cherehani zikanyamaza. Mize, fundi wa vifungo, akainua mkono. "Na mimi sinywi maji. Kichwa kinaniuma kila siku." Akafuata mwengine. Mafundi saba walikuwa wanakaa na kiu!

Bi Bashira akavuta kiti, akakaa.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Chooni waende bila ya kuomba ruhusa," alijibu Bi Radhiya. "Mwenye kosa mwite pembeni, umwelekeze. Na ukimwona mtu kanyong'onyea, muulize ana nini."

Haikuwa rahisi. Siku ya tatu tu Bi Bashira alisahau, akamfokea Mize. Baadaye akamwomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa alimfokea mbele ya wote. Polepole mishono ya kufumua ikapungua, na sare zikawa tayari kabla ya skuli kufunguliwa.

Shadya alijifungua mtoto wa kike, mimba imetimia miezi tisa kamili. Bi Bashira alikuja kumtazama, akasita mlangoni. Shadya akamkaribisha, akampakatisha mtoto.

Bi Bashira alimfunika mtoto vizuri kwa kanga.

"Na huyu alikaa na kiu kwa sababu yangu," alisema, machozi yakamtoka.

Shadya hakumwambia anyamaze, wala hakumchukua mtoto.