Bastola Iliyotoka Jasho

Novemba huku Liège, Ubelgiji, giza huingia kabla watu hawajanywa kahawa ya jioni. Nilikuwa nakwenda kijiji cha Nessonvaux kuchukua bastola moja tu.

Kwa miaka thelathini nimekusanya bastola za zamani ambazo mafundi wetu walizitengeneza kwa kuiga zile za Wamarekani. Watu hunicheka, wanasema nakusanya bandia. Acha wacheke. Rafiki yangu Servais alikuwa na ugonjwa huo huo. Alipofariki, mjane wake Bertine alinipigia simu.

"Shemeji, njoo uitoe humu ndani. Leo."

Alinipokea jikoni. Bastola ilikuwa mezani, imeviringishwa kwenye gazeti lililolowa mafuta mpaka maandishi hayasomeki. Harufu ikanipiga: shahamu iliyochacha, na chini yake kitu kama jasho la mgonjwa...

Bertine aliisukuma kuja kwangu kwa koleo la makaa.

"Mbona huishiki?"

"Ishike wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Nikafungua. Mtutu wa pande nane, alama ya ukaguzi ya Liège bado inasomeka, mpini wa pembe. Nzuri mno. Nikaifuta kwa leso. Nilipoiondoa leso, mafuta yalikuwa yanatoka tena kwenye chuma, tone kwa tone, kama jasho kwenye paji la uso.

Na mpini ulikuwa na joto.

Nina tabia moja mbaya. Hulamba kidole ili nijue fundi alipaka mafuta gani: ya samaki, ya kondoo, ya kwato za ng'ombe.

Nililamba.

Yalikuwa matamu. Yakaganda kwenye kaakaa kama ute, nikahisi unywele mmoja mfupi ukishuka kooni.

Bertine alishusha pumzi.

"Umelamba," alinong'ona.

"Ni mafuta ya nini haya?"

"Bibi yake Servais, aliyemzaa baba yake, ndiye aliyekuwa akipaka bastola mafuta hapa nyumbani. Kijijini walisema mchawi. Mumewe alikuwa akimpiga. Basi huyo mume alikonda kitandani mpaka akabaki mifupa, na daktari asione ugonjwa. Tangu alipokufa, bastola hii haijakauka."

Nilimkumbuka Servais. Mtu wa kilo mia, lakini jeneza lake lilibebwa na watu wawili.

"Naye alilamba?"

"Aliniambia mna tabia moja." Hakunitazama. "Ilikuwa imeanza kunigeukia mimi, shemeji. Tazama."

Akapandisha mkono wa sweta. Ngozi ilining'inia kama nguo mbichi kwenye kamba.

Nilitapika kwenye sinki lake. Yalitoka meupe, yakaganda kabla ya kufika kwenye tundu. Bertine akafungulia maji ya moto, akasugua kama mtu aliyezoea.

Nilichukizwa naye kwa kuniacha nilambe. Hata hivyo niliichukua. Ningeiacha pale, ingemmaliza.

Asubuhi mizani ilionyesha nimepungua kilo nne. Nikaenda moja kwa moja kwa Hubin, binamu yangu mwenye karakana ya kuyeyushia chuma.

"Miaka yote unazilea kama watoto," akasema, "leo unataka kuchoma mmoja? Mmegombana?"

"Iyeyushe nikiona."

Akaitupa tanuruni.

Haikunuka chuma. Ilinuka nyama ya kuchoma... nyama nono, inayochuruzika. Mafundi waliweka zana chini. Wakasogea mmoja mmoja, wakimeza mate. Midomo ya Hubin ilikuwa inang'aa mafuta.

"Ajabu," alinong'ona. "Nimeshikwa na njaa."

Nilitaka kuwaambia wafumbe vinywa. Sikuweza. Changu kilikuwa kimejaa mate.

Wiki tatu zimepita. Sijapungua tena, lakini chakula chochote chenye mafuta hakipiti.

Jana Hubin alinipigia simu, akicheka. Suruali zake zote zinampwaya, na za mafundi wake pia.