Sentimita Kumi

"Sukuma upande wako," seremala alisema.

Cheche alisukuma. Ubao ulikwenda mpaka mwisho wa fremu ya chuma, ukapita, ukabaki unaning'inia hewani. Seremala akaugeuza na kuujaribu tena. Hali ilikuwa ileile. Akavuta fremu ya pili, kisha ya tatu. Mbao zote zilikuwa ndefu kuliko vyuma vilivyopaswa kuzibeba.

Baba yake Cheche, mchomeleaji, alisimama mlangoni akifuta mikono. Hakuzoea kuingia katika karakana ya seremala. Karakana hizo mbili zilitazamana kwa miaka mingi, lakini wenyewe walisalimiana kwa kuinua mkono tu, kila mmoja akilinda wateja wake. Kisha wateja wakaisha. Kiwanda cha sabuni kilifungwa, halafu cha mabati. Majani yaliota mferejini, na makufuli yakashika kutu kwenye mageti. Katika safu nzima milango mitatu tu ndiyo iliyokuwa ikifunguliwa asubuhi: wa mchomeleaji, wa seremala na wa Mama Rangi, aliyekuwa akipaka rangi samani na mageti.

Ni Mama Rangi aliyewakutanisha. Shule moja ilitaka madawati mengi, kazi ambayo karakana moja isingeiweza. Madawati ya kwanza yalitakiwa keshokutwa. Yasipofika, kazi ingepelekwa kwingine, na hakuna aliyekuwa na kazi nyingine ya kumfanya aendelee kufungua mlango.

"Umekata mbao vibaya," baba alisema.

"Mimi? Nimekata kama tulivyokubaliana. Labda chuma chako kimenywea kwa baridi."

"Chuma changu hakinywei. Mbao zako ndizo zilizoota usiku."

"Jamani," alisema Mama Rangi, aliyekuwa akikoroga kopo la rangi. "Ndoa haijamaliza wiki, mmeshaanza kurushiana vyombo?"

Hakuna aliyecheka. Baba aliinua fremu moja akaiweka begani. "Kila mtu arudi kwake. Nilijua haitafika mbali."

Cheche alitazama ncha ya bomba la fremu ile. Alama ya chaki ilikuwa bado inaonekana, na alama ile ilikuwa yake. Jumamosi macho ya baba yalikuwa yakimuuma kwa sababu ya mwanga wa kuchomelea, akamwachia yeye kazi ya kupima. Tepu ya baba ilikuwa imekatika mwanzoni. Namba yake ya kwanza ilikuwa kumi. Baba alikuwa amemwambia mara nyingi: ukipima, ongeza kumi. Siku ile wenzake walikuwa wakimwita nje. Alipima harakaharaka, akaweka alama, akatoka mbio.

Hakuongeza kumi.

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Baba alishaamini kuwa kosa ni la seremala. Na seremala alishaanza kufunika mbao zake kwa gunia, polepole, bila kumtazama mtu.

"Baba," Cheche alisema. "Mbao ziko sawa. Ni mimi. Sikuongeza kumi."

"Kumi ipi?" seremala aliuliza.

Baba alimtazama mwanawe kimya, kwa namna iliyomfanya Cheche atamani kugombezwa. Kisha akaishusha fremu, akatoa tepu mfukoni na kumpa jirani yake. Seremala aliivuta, akaikodolea macho.

"Unafanya kazi na hii tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na mimi niko hapa mbele yako, nina tepu tatu."

"Ningekuja kuazima, ungesema nimefilisika."

Seremala alifikiri kidogo. "Ningesema," alikubali.

Baba alisema kwamba ana mabomba membamba uani. Yangeingia ndani ya mabomba ya fremu, wakaunga na kuchomelea.

"Kovu litaonekana," seremala alisema.

"Litaonekana, na tutawaambia shule kwa nini lipo," Mama Rangi alijibu. "Mradi dawati lisivunjike."

Wakaanza. Seremala alipima kwa tepu yake, baba alichomelea, na Cheche alisugua maungio kwa tupa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Hakuna aliyemwambia apumzike, naye hakuomba. Wenzake walipita nje wakimwita. Hakuinua kichwa.

Jioni umeme wa eneo lote ulizimwa kama kawaida. Fremu nyingi zilikuwa bado zimeegemea ukuta, fupi vilevile. Mama Rangi alikuja akaketi karibu na Cheche.

"Kazi haijaisha, na sijui kama tutawahi," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Kupima vibaya ni kosa, na kila fundi amewahi kulifanya. Kunyamaza ndiko kungetumaliza. Bomba fupi tunaliunga. Jirani akishaondoka kwa kusingiziwa, mimi sijui anaungwa kwa kitu gani." Akamgeukia mchomeleaji. "Na wewe, shemeji, mtu anayeficha shida yake kwa wenzake hawezi kufanya nao kazi. Mtoto amekufundisha leo."

Baba alichukua ile tepu iliyokatika, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

"Kesho mapema," seremala alisema.

"Mapema," baba alijibu.

Cheche aliacha tupa yake juu ya fremu iliyosuguliwa nusu, ajue pa kuanzia.