Kipande cha Kujaribia

Kila Jumamosi asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, msichana aliyeitwa Chiriku alikaa sakafuni akipanga viraka. Vyekundu huku, vya bluu kule, vya maua karibu na mlango. Mama yake alishona mifarishi, yale mablanketi mazito ya tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati, shuka chini, vyote vikashikwa pamoja kwa mistari ya mshono. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Jumamosi hiyo meza ilikuwa tupu. Cherehani waliyoizoea, nyeusi, ya chuma, ilikuwa ya shangazi, naye alikuwa ameichukua jana yake jioni. Mama alikuwa na mifarishi sita ya kupeleka shule ya chekechea Ijumaa, na kifundo chake cha mkono wa kulia kilikuwa kimeteguka.

"Leo tunanunua cherehani yetu, na wewe ndiye mkono wangu," Mama alisema, akikaza bendeji kwa meno. "Umebeba kile kipande?"

"Kimo mfukoni, Mama."

Kipande chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa. Juu palikuwa na sare ya zamani ya Chiriku na pindo nene la suruali ya jinzi ya baba. Katikati pamba. Chini shuka la mdogo wake, lenye doa la kikojozi lililoshinda kila sabuni.

"Nimekitengeneza kibaya makusudi," Mama alisema. "Cherehani ikipita hapa, itapita popote. Piga mstari mmoja kwa uzi mwekundu, uvuke jinzi. Na usidanganywe na rangi ya cherehani."

Mama hakujua jambo moja. Jana yake, kabla shangazi hajafika, Chiriku alikuwa ameshapiga mstari mwekundu wa mazoezi kwenye kipande hicho, ukavuka jinzi.

Dukani, Mama alibaki mbele akimhoji muuzaji habari za sindano na vipuri. Chiriku alipita nyuma ya pazia, kwenye chumba cha kujaribia. Huko alimkuta kiranja wa darasa lao akifuta vumbi. Kumbe duka ni la baba yake!

"Chiriku! Mnanunua? Jaribu hii nyeupe, ya umeme. Inashona mpaka maua."

Chiriku alitoa kipande. Kiranja akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza, akaliona doa.

"Ala! Hili ni dekio au nepi?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Masikio ya Chiriku yalipata moto. "Si letu," alisema haraka, akakirudisha mfukoni. Kiranja akampa kitambaa cheupe, chembamba. Cherehani ikateleza kama inashona maji.

"Vipi?" Mama aliuliza Chiriku alipotoka.

"Imepita."

"Hata kwenye jinzi?"

Chiriku akatoa kipande, akaonyesha mstari wa jana. Mama aliupitishia kidole gumba, juu na chini, polepole.

"Safi. Kaka, nifungie hiyo."

Nyumbani, cherehani nyeupe ilikwenda vizuri kwa upana wa viganja viwili. Kisha ikaanza kuruka mishono. Kisha, tak! Sindano ikavunjika.

"Punguza mbio," Mama alisema.

Tak! Ya pili. Mama akamwondoa kitini, akafungua bendeji, akakaa mwenyewe huku amekunja uso kwa maumivu. Tak! Ya tatu. Akachukua kipande, akaulinganisha mstari mwekundu na mshono wa mfarishi.

"Mstari huu haukushonwa na cherehani hii," alisema. "Yule bwana ametubadilishia! Katujaribisha nzima, akatufungia mbovu."

Chiriku alifungua mdomo. Yeye aliyeongea hata usingizini akainama kuokota vipande vya sindano. Jumapili nzima alitazama mkono wa mama yake uliokuwa umevimba tena.

Jumatatu baada ya shule walirudi dukani na cherehani. Ndani kulikuwa na wateja wawili, kinyozi wa jirani na mama mmoja mwenye kikapu.

"Kaka, mimi nilikuona mtu wa maana," Mama alianza, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona. "Kumbe unawabadilishia watu cherehani!"

"Dada, ni ileile. Namba yake hii hapa."

"Ileile? Basi mstari huu kashona nani, jini?"

Mama mwenye kikapu alirudisha uzi aliokuwa ameuchagua, akatoka bila kuaga. Muuzaji alimwangalia mpaka akapotea. Kiranja alisimama na kitambaa cha vumbi mkononi, akimtazama baba yake, kisha akamtazama Chiriku.

"Mimi," Chiriku alisema.

"Wewe nini?"

"Mstari nilishona mimi. Nyumbani, kwa cherehani ya shangazi. Hapa sikukijaribu kipande. Niliona haya."

Kinyozi alikohoa. Chiriku aliangalia viatu vyake. Alitamani sakafu ifunguke.

Mama akamgeukia muuzaji, akasema kwa sauti ileile kubwa: "Kaka, nimekuita mwizi mbele ya watu, na si kweli. Nisamehe." Kisha kwa binti yake: "Yule mama wa kikapu ameondoka akiamini nilichosema. Mkimbilie. Mwambie ulivyotuambia sisi."

"Barabarani, Mama?"

"Popote utakapomkuta."

Alimkuta kwenye kituo cha basi, katikati ya watu kumi na zaidi. Alisema yote, machozi yakimfika kidevuni. Yule mama alimsikiliza, akatikisa kichwa, akarudi naye dukani kuchukua uzi wake.

"Baba, na mimi nilimcheka," kiranja alikuwa akisema walipoingia.

"Leteni hicho kipande," muuzaji alijibu. "Tungeanza nacho, tusingefika huku."

Mbele ya wote, doa likiangalia dari, Chiriku alikaa kushona. Nyeupe ikaruka kwenye jinzi. Ya pili ikagoma kabisa. Ndipo muuzaji akaondoa chupa ya chai juu ya cherehani ya kijivu, ya chuma, iliyokwisha kutumiwa.

"Hii haijui maua," alisema.

Ikaingia kwenye jinzi, ikanguruma, ikatoka upande wa pili bila kuruka mshono hata mmoja. Kiranja akapiga makofi. Mama alikipitishia kidole gumba kipande, safari hii huku akimtazama binti yake.

"Tunachukua hii."

Chiriku alishona kila alasiri wiki ile. Ijumaa watoto wa chekechea walilalia mifarishi mipya. Chiriku aliporudi nyumbani alikuta kile kipande kimeshonewa juu ya kiti chake cha kushonea, doa likiwa juu.

"Mama jamani!"

"Kikalie," Mama alisema. "Kicheko cha rafiki yako kingekwisha dakika ileile. Wewe ukakikimbia, na mtu asiye na kosa akaitwa mwizi. Haya utaiona tena, mwanangu, kila mtu huiona. Ikikupata, sema kweli hivyohivyo, uso ukiwa moto. Uso hupoa."

Chiriku akakaa. Kiti kilikuwa laini kuliko zamani.