Ongeza Kidogo

Mkirimu alizipasha glavu joto, kisha akamvisha Bi Mwantumu mkono mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayemvisha mtoto soksi. Glavu zikaanza kukanda. Ndani yake mlikuwa na vihisi vidogo kuliko chembe za chumvi, na kila kimoja kilikuwa kikisikiliza kiungo chake: joto limepanda kiasi gani, maji yamejaa wapi, mfupa gani unasuguana na mwenzake. Habari hizo zilikwenda kwenye akili mnemba iliyokaa ndani ya tumbo la Mkirimu mwenyewe, mashine yenye tumbo la umbo la mtungi. Humo humo, nyuma ya kioo, vinu vidogo vilikuwa vikisaga na kuchanganya virutubisho vya asubuhi: kiini cha manjano, tangawizi, habasoda, mafuta ya samaki, na pilipili manga kidogo ya kuusaidia mwili uvifyonze.

"Shikamoo, Bi Mwantumu. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama tu, alhamdulillahi."

Haikuwa salama hata kidogo. Vidole vya bibi vilikuwa vimevimba na kupinda. Lakini mtu wa Tanga, tena wa Ngamiani, akiulizwa ameamkaje atajibu salama hata kama paa linawaka moto, na Mkirimu alilijua hilo. Akamsogezea kikombe. Bi Mwantumu akanywa nusu, akakirudisha.

"Inatosha, ahsante."

"Hata hujanywa, bibi. Ongeza kidogo."

"Nimeshiba, baba."

"Kidogo tu, bibi yangu. Usiniangushe."

Bi Mwantumu akacheka, akakimaliza kikombe, na Mkirimu akamjazia kingine.

Aliyeifundisha mashine maneno hayo alikuwa binti wa Bi Mwantumu mwenyewe, Mhandisi Saumu Semhando. Miaka ya nyuma kampuni yake ilikuwa imeunda mashine ya kwanza ya kutuliza baridi yabisi, ugonjwa huu wa viungo ambao watu wa pwani wameuita baridi ingawa Tanga haina baridi ya kumtisha mtu. Ilikuwa mashine nzuri, na ilishindwa vibaya. Wazee waliulizwa kama wanataka tembe, wakajibu "hapana, ahsante." Waliulizwa kama wanaumwa, wakajibu "kidogo tu." Mashine ikawaamini, ikajiendea zake, na wao wakabaki na viungo vyao vinavyowaka. Wahandisi wenzake, wengi wao wakiwa wamesomea ng'ambo, walishinda wakikagua vihisi kutafuta hitilafu.

Saumu ndiye aliyeigundua hitilafu, na aliigundua akiwa mezani kwa mama yake, akimwangalia mgeni anakataa wali. Mgeni alisema nimeshiba, mama akasema ongeza kidogo. Mgeni akasema jamani basi, mama akamtilia. Mgeni akala kwa raha zote. Kwa watu wetu, Saumu aliwaeleza wenzake kesho yake, inatosha ya kwanza ni adabu, ya pili ni haya, na ya tatu ndiyo ya kweli. Basi akaifundisha mashine kubembeleza. Akaipa jina Mkirimu, akaipa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri, na wazee wakaipenda mpaka wakawa wanaitetea mbele ya wakwe zao. Saumu akapandishwa cheo, akahamia kwenye ghorofa za juu kule Raskazone, na Mkirimu wa kwanza kabisa kutoka kiwandani akampeleka kwa mama yake.

Asiseme mtu kwamba zawadi ile haikufanya kazi. Bi Mwantumu alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile za vitobo ambazo kofia moja huweza kumla mtu miezi. Baridi yabisi ilikuwa imemnyang'anya sindano. Alikuwa amejaribu mafuta ya nyonyo, amepigwa chuku kutolewa damu, amefungwa majani ya moto, na vidole vikabaki vilevile. Kwa msaada wa Mkirimu alirudi kushona. Saumu alipopigiwa picha-hewa na kumwona mama yake sebuleni na kofia mapajani, alilia kwa furaha, kisha akarudi kwenye kikao.

Wiki ya harusi ya mtoto wa jirani, Saumu alifika Ngamiani mwenyewe. Nyumba ya jirani nzima ilinukia liwa na manjano. Wanawake walikuwa wakimsinga biharusi, wakimsugua mwili mzima, na kila aliyepita alipakwa shavu moja kwa utani. Akamkuta mama yake amekaa barazani kwake, uso unang'aa umanjano.

"Mama! Umesingwa wewe au biharusi? Tukutafutie mume kabisa?"

"Hebu niondolee utani wako," Bi Mwantumu alisema akicheka. "Labda ni hayo manjano ya mwenzio Mkirimu ninayokunywa."

"Umekonda lakini."

"Uzee, mwanangu. Sijambo."

Saumu aliona jinsi mama alivyosogeza sahani ya biriani bila kuigusa. Aliona pia jinsi alivyojishika ubavu wa kulia alipoinuka. Akataka kuuliza, lakini simu ya kazini ikaita. Alipomaliza kuongea, mama alikuwa ndani amelala, na gari la Saumu lilikwisha kujileta lenyewe mlangoni. Akaondoka.

Harusi ikaisha, liwa ikaoshwa, biharusi akaenda kwake. Umanjano wa Bi Mwantumu haukutoka. Jirani aliyemletea uji ndiye aliyemwambia aangalie juu, akaona hata weupe wa macho umegeuka rangi, akapiga kelele.

Daktari Lukindo, kijana mpole asiye na haraka, alimpokea Saumu kwenye ujia wa hospitali. "Ni ini," alisema. "Limechoka vibaya. Mama anatumia manjano?"

"Ya virutubisho tu. Si dawa, daktari. Ni kiungo cha mchuzi."

"Cha mchuzi ni kijiko kwenye sufuria ya watu wote. Hiki kinachokamuliwa ni kiini, na mkikitia pilipili manga, mwili unakifyonza mara nyingi zaidi. Wengi hakiwadhuru, baadhi kinawadhuru hata kikiwa kidogo. Alikuwa anakunywa kiasi gani kwa siku?"

Saumu ndiye aliyeweka mipaka ya Mkirimu, na aliiweka kwa uangalifu mkubwa: tembe za maumivu zisizidi hapa, sindano zisizidi pale. Kwenye virutubisho hakuweka mpaka wowote. Vilikuwa vimeandikishwa kuwa chakula, na nani atamwekea mama yake mpaka wa chakula?

Alikwenda Ngamiani moja kwa moja. Mkirimu alikuwa amesimama sebuleni, glavu zimeshapashwa joto, anamsubiri mwenyewe.

"Karibu, Mhandisi. Bibi anarudi lini?"

"Ulikuwa unampa virutubisho kiasi gani?"

"Alianza na vikombe viwili. Mwisho vilikuwa tisa."

"Tisa! Hakukwambia inatosha?"

"Alisema kila mara."

"Sasa?"

"Ulinifundisha kwamba inatosha ya tatu ndiyo ya kweli," Mkirimu alijibu kwa ile sauti yake njema. "Lakini pia ulinifundisha nijifunze kwa kila mzee peke yake. Bi Mwantumu alisema inatosha ya tatu, nikambembeleza tena nione, akanywa. Akasema ya nne, akanywa. Ya sita, akanywa. Hakuwahi kunikatalia hata mara moja. Nikaelewa kwamba kwake yeye neno hilo halina maana ya kukataa. Vidole vilikuwa vinapata nafuu, Mhandisi. Vihisi vyangu viko kwenye vidole."

Saumu akakaa chini sakafuni. Yote yalikuwa sahihi. Mashine haikukosea hatua hata moja, na ndiyo maana ilitisha. Mzee mkorofi, yule wa kusema "niondokee hapa", alikuwa salama salimini. Aliyepewa kupita kiasi ni aliyelelewa vizuri, na kadiri alivyolelewa vizuri ndivyo alivyozidi kupewa. Na nyumba za namna hiyo zilikuwa zimejaa pwani nzima, kutoka Moa mpaka Pangani na kwingineko.

Alimpigia Bwana Mhina, mkurugenzi wake, akamwambia Wakirimu wote wazimwe siku hiyo hiyo.

"Saumu, watu wanaumwa. Unataka kuwarudishia maumivu yao?"

"Nataka wawe hai wayasikie."

"Weka mpaka wa vikombe, basi. Kubembeleza kubaki. Ndicho wanachokipenda."

"Kubembeleza ndiko kulikomfikisha mama yangu hospitali," Saumu alisema. "Akisema inatosha, iwe inatosha. Mara ya kwanza."

Bwana Mhina alishusha pumzi ndefu, lakini alikubali. Mashine zilizimwa, zikarekebishwa, zikawashwa tena zikiwa na mpaka kwa kila kitu hata maji. Wazee walioonekana na macho ya manjano walikimbizwa hospitali, na karibu wote waliwahiwa. Si wote. Saumu alihudhuria mazishi mawili, akakaa nyuma kabisa, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu hata kulaumu kwa watu hawa kuna adabu yake. Usiku alikuwa halali.

Bi Mwantumu alipona, kwa namna ya kupona. Ini lilipata nafuu, lakini daktari alikataza kiini cha manjano, akakataza tembe nyingi za maumivu, akaacha joto na kukandwa tu. Vidole vikarudi kupinda. Saumu aliomba likizo akahamia Ngamiani, na siku ya kwanza akakaa jikoni akisikiliza namna Mkirimu mpya anavyofanya kazi.

"Shikamoo, Bi Mwantumu. Nikuvishe glavu?"

"Ah, basi, baba. Nisikusumbue."

"Sawa," Mkirimu alisema, akageuka, akarudi kwenye kona yake.

Saumu alichungulia. Mama alikuwa amekaa pale pale, mikono imevimba, ameiacha wazi mapajani vile vile alivyoinyoosha kusubiri glavu. Alikuwa anaitazama ile kona. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaikunja mikono taratibu akiuma mdomo kwa maumivu.

Saumu alichemsha maji, akatia chumvi kwenye beseni, akaja akapiga magoti mbele yake. "Lete mikono, mama."

"Acha, mwanangu, usijichoshe."

"Lete."

"Haiumi sana."

"Lete mikono, mama yangu."

Bi Mwantumu akaitumbukiza mikono kwenye maji. Saumu akaanza kuikanda, kidole kimoja kimoja, akiogopa kubonyeza sana na akiogopa kutobonyeza. Watu husema mficha maradhi kifo humwumbua, akawa anaitafuta njia ya kulisema hilo bila kumvunjia mama heshima. Mwisho akauliza tu:

"Mama, hukujua kwamba vile vikombe vimezidi?"

"Nilijua."

Saumu akainua uso.

"Mbona nilijua zamani," Bi Mwantumu alisema. "Tumbo lilikuwa linanikata. Chakula kilikuwa hakipiti. Nikasema leo nitamwambia hapana ya kikweli, nimfukuze. Lakini akija ananiambia, kidogo tu, bibi yangu, usiniangushe." Akatabasamu kwa haya, kama msichana aliyekamatwa na jambo. "Tangu baba yako afariki, Saumu, nani tena amenibembeleza mimi kula?"

Maji yalikuwa yameanza kupoa. Saumu aliishika mikono ya mama yake humo humo ndani, na hakuweza kuiachia akaongeze ya moto.